Hodhi la Mzee Ziauddin

Shagufta aliinua karatasi mbele ya dirisha, akajua hata kabla mwanga haujaipenya. Upande mmoja ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, upande wa pili nene, na katikati mawimbi matatu kama nyayo za mtu aliyepepesuka. Karatasi za namna hiyo zilitoka hodhi moja tu katika karakana nzima, na aliyesimama kwenye hodhi hilo alikuwa baba yake.

"Mbovu ngapi leo?" aliuliza Bi Khurshida, mkaguzi mwenzake, mkasi mkononi.

"Ishirini na sita."

"Jana kumi na tisa. Kesho utazificha wapi, chini ya mtandio?"

"Zinarudi kwenye mashine ya kusagia, bibi. Hakuna atakayejua."

"Marehemu mume wangu alinificha upara wake kwa kofia miaka miwili. Mtaa mzima ulijua. Aliyedhani ni siri ni yeye peke yake."

Shagufta alitabasamu kidogo, akaendelea kuchana.

Baba huyo, Mzee Ziauddin, alikuwa amechota karatasi hapo Sanganer, mji wa India, kwa miaka arobaini na mitatu, kama baba yake na babu yake. Vipande vya fulana vilifika kwa magunia, vikachambuliwa, vikasagwa na maji mpaka vikawa uji mweupe wa pamba; naye alizamisha fremu yenye wavu, akaiinua, akaitikisa mara moja tu, na karatasi ikawa imezaliwa. Tangu mvua zilipokatika, mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka. Kwanza ulimwaga chai. Kisha ukahamia kwenye fremu, na uji ulioko wavuni hausamehe: mkono ukiyumba, wimbi linabaki humo.

Mukhtar, binamu yake Shagufta na mwenye karakana, hakuwa mtu mbaya. Jumamosi iliyopita alikuwa amemvuta kando.

"Dada, Ami Ziauddin ndiye aliyenifundisha kushika fremu. Lakini karatasi hizi ni za kadi za arusi. Zikizidi mbovu thelathini kwa siku, hodhi nampa mtu mwingine. Ami atakaa getini apokee magunia."

Kukaa getini, kwa mtu aliyeitwa fundi na mji mzima, ni kuzikwa huku unatazama. Ndipo Shagufta akaanza kuzificha. Desturi ilikuwa mbovu zitengwe, zikatengenezewe maboksi. Yeye alizichana vipande vipande, akazitumbukiza katika mashine iliyolisha hodhi la baba yake, kwa kuwa ilikuwa karibu na mlango na hakuna aliyemwona.

Na kila alfajiri aliomba: Ya Rabbi, utulize mkono ule, sitaki kingine. Kisha alimwona baba yake ameinua mikono kwa dua, wa kushoto umetulia, wa kulia ukipunga kama unamuaga mtu.

Siku ile ya mbovu ishirini na sita, kabla ya adhuhuri, alisikia akiitwa.

"Shagu."

"Bee, Baba."

Alimkuta ameinamia hodhi, mikono imezama hadi viwikoni.

"Tia mkono wako humu. Unasikia nini?"

"Uji tu, Baba."

"Huu mfupi. Pamba mpya ina nyuzi ndefu, zinashikana kama ndugu wa tumbo moja. Hizi zimesagwa mara mbili, pengine tatu. Maji hayataki kushuka wavuni." Akaukamua uji kiganjani, akautazama. "Uji huu ulishawahi kuwa karatasi."

Mashine ya kusagia ilinguruma nyuma yao.

"Karatasi za nani?"

"Baba, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka." Sauti yake haikupanda. "Kumbe wiki nzima nachota zile zile. Na uji mfupi hudai mkono mtulivu kuliko uji mrefu. Umenipa kazi ngumu kuliko ile iliyonishinda, mwanangu."

Shagufta alikumbuka kumi na tisa ya jana na ishirini na sita ya leo: yeye ndiye aliyekuwa akizizidisha. Akashika upande wa pili wa fremu. Baba yake hakumzuia. Wakazamisha pamoja, wakainua pamoja. Mtetemo ulipita katika mbao ukamwingia vidoleni. Alikaza, akauma meno, akataja jina la Mungu. Mtetemo haukukoma, sasa ulikuwa mikononi mwa wote wawili.

Maji yaliposhuka taratibu, mawimbi yalikuwa manne.

Mzee Ziauddin aliyatazama kwa muda. Kisha akaigeuza fremu, karatasi ikaanguka hodhini, ikayeyuka.

Mukhtar alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua tangu lini.

"Ami," alisema polepole, "njoo tunywe chai."

Mzee alinawa mpaka viwikoni, mkono wa kulia kwanza, ingawa adhana ilikuwa bado. Akavaa kofia yake, akatoka naye. Hakugeuka nyuma.

Shagufta alirudi dirishani. Rundo la asubuhi lilikuwa bado linamngoja. Aliinua karatasi iliyofuata kwenye mwanga, akaona mawimbi, akaiweka taratibu kwenye rundo la mbovu, mahali ambapo kila mtu angeiona.