Bibi wa Ngao Anacheka

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi. Sedekia, mtendaji wa kijiji chetu huku Iringa, aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa ofisi, ndoo ya chokaa mkononi.

Pale juu ya mlango nilichora Ngao ya Taifa, bwana na bibi wakiishika. Niliinakili kutoka kwenye cheti changu cha darasa la saba, kazi pekee cheti hicho kilichowahi kunifanyia. Bwana nilimpatia sawasawa. Bibi akatoka Tusajigwe, marehemu mke wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanya wake na yote. Mwanamke najua kuchora mmoja tu. Na picha yake nyingine sina.

"Ijumaa wanakuja wageni wa mkoa," alisema Sedekia. "Bibi wa ngao hacheki, mzee Jailos!"

"Gari la wagonjwa mlilipeleka kwenye ziara yenu, akanifia barabarani. Leo mnamfuta na ukutani?"

Akaanzia chini, kwenye maandishi ya Uhuru na Umoja. Neno Uhuru likamezwa na chokaa. Nikawaka! Nilipiga kelele mpaka akina mama wa gengeni wakaja mbio, Rozalia mbele, beseni la nyanya kichwani.

"We Sedekia! Uhuru umeshafuta, sasa Umoja nao?"

"Maagizo, mama. Yametoka juu."

"Aliye juu ni wewe. Shuka!"

Wakaishika ngazi, wakaitikisa, vicheko hivyo!

"Maneno hayo ndiyo yaliyotuozesha!" nikafoka. "Baba hakutaka Mnyakyusa nyumbani kwa Wahehe. Nikamkumbusha alivyocheza mwaka sitini na moja mpaka soli ikang'oka, akishangilia uhuru. Nikamwambia, baba, uhuru uliucheza, umoja ndiyo huu nakuletea. Akaona aibu, akapeleka mahari mwenyewe."

Brashi ilikuwa imefika chini ya kidevu cha Tusajigwe. Sedekia akashika ukuta kwa hofu. "Mzee, huyu wala si mtu fulani. Ni Mtanzania yeyote!"

Jamani! Nilirukaruka kama timu yangu imefunga bao. Nikamuuliza swali moja, akashuka, akapiga simu huko juu.

Ijumaa wageni hawakuja. Neno Uhuru nimelirudishia, kwa herufi nene zaidi. Tusajigwe anacheka. Lakini ndoo bado iko ofisini, na huko juu hawajajibu: kama ni Mtanzania yeyote, kwa nini asiwe mke wangu?