Likizo ya Udongo

Darasa la kilimo hai lilifanyika Jumamosi asubuhi nyuma ya jiko la hoteli, kando ya tuta la nyanya, maana meneja alihofia viti vya ukumbini vingechafuka. Watunza bustani walikalia ndoo. Mwalimu, mtu wa kucheka kabla utani wake haujaisha, aliwafundisha kuozesha maganda na majani yawe mboji badala ya kuyachoma. Akapitisha mboji, wakainusa. Mama Reki aliinusa mara mbili kwa furaha tu: bintiye alikuwa amejifungua mji wa mbali, naye alikuwa ameomba ruhusa akamwone mjukuu.

"Udongo nao huchoka, jamani," mwalimu alisema. "Msiutumikishe kama punda. Upeni likizo."

Alimaanisha wasipande kitu kwa muda. Lakini kosa lake, aliyasema hayo mbele ya tuta lenyewe. Tuta lilipiga miayo, likapukutisha nyanya zake kikapuni, likajikunja kama mkeka na kushika njia ya lango kuu, minyoo ikiimba kwa ndani. Mlinzi aliuliza linakwenda wapi. Likasema likizo. Akafungua lango.

"Haki yake," alisema meneja. "Mali ya hoteli lazima itunzwe."

"Na mimi je, bosi?" Mama Reki akadakia.

"Mama yangu, ukienda wewe nani atamwagilia?"

"Nimwagilie nini, na tuta limeondoka?"

"Shimo."

Basi akawa anamwagilia shimo, asubuhi na jioni. Kila akikumbushia ruhusa aliambiwa mwezi ujao, na mwezi ujao, kama mjuavyo, haufiki kamwe.

Misimu ikapita. Asubuhi moja tuta likarudi, jeusi, limenenepa, linanukia mvua. Liliingia likiyumba kwa kicheko, likajitandaza shimoni, minyoo ikadai chai. Wapishi walitoka na miko kulipokea. Katikati yake palikuwa na unyayo mmoja mdogo, vidole vyote vitano.

"Mjukuu wako anasimama dede," tuta lilimwambia Mama Reki. "Ana meno mawili. Pua ni yako kabisa, ila yake haina vumbi. Ukimtekenya, mtaa mzima unasikia."

Mama Reki alicheka hadi akakaa chini, machozi yakimtoka. Lo, alivyompenda mtoto yule, na hajamwona hata kisogo!

Meneja alikuja kukagua. "Safi. Lisawazishwe, nyanya zirudi."

"Na likizo yangu, bosi?"

"Ya nini tena? Si umeshaletewa habari?"

Mama Reki alishika reki akasawazisha tuta lote, ila ule unyayo aliuzunguka. Akapanda miche, akamwagilia. Kisha akapiga magoti, akakandamiza kiganja chake kando ya unyayo, kwa nguvu, vidole vimetanuka.

"Mwalimu anarudi lini?" tuta liliuliza.

"Sijui," alisema. "Lakini ukiruhusiwa tena, mpelekee hiki."