Miguu ya Wimbo wa Sita

Chumba cha ngoma kilikuwa stoo kabla hakijawa studio, na aliyekijenga alikuwa anamfikiria kuku, si binadamu. Kuta zilifunikwa kwa magodoro makuukuu, mlango ukafunikwa kwa blanketi zito, na kitasa cha ndani kiling'oka zamani, kwa hiyo aliyeingia alingoja kufunguliwa. Humo ndimo alimoketi Nyundo, ngoma zimemzunguka pande zote, hedifoni zimembana masikio, na magoti yanamuuma.

Magoti hayo ndiyo kisa chenyewe. Nyundo alikuwa fundi wa vigae, kazi ya kupiga magoti kutwa nzima juu ya sakafu za watu wasiojua hata jina lako. Akitoka huko alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya thrash, ule muziki wa metali wenye haraka kuliko ndugu zake wote. Gitaa lake hukereza kama msumeno, na mpiga ngoma huipiga ile ngoma kubwa ya chini kwa miguu yote miwili, pedali ya kulia, pedali ya kushoto, bila kupumua. Wasioupenda husema ni kelele. Haya, na waseme. Lakini ni kelele gani hiyo inayodai mtu awe na miguu miwili iliyolingana kabisa? Wa kushoto ukichelewa kidogo tu, bendi nzima inachechemea.

Na mguu wa kushoto wa Nyundo ulikuwa umeanza kuchelewa. Daktari wa zahanati alimwambia wazi kwamba goti limelika, achague kati ya vigae na ngoma, na ikiwezekana aache vyote. Nyundo alimshukuru, akatoka, hakumwambia mtu.

Angemwambia nani? Mwenye bendi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeitwa Waya, mpiga gitaa na mwimbaji. Nyundo ndiye aliyemfundisha kuhesabu mapigo utotoni, kwa vijiko na masufuria, mpaka mama yao akaficha masufuria. Sasa mtoto yule alikuwa mtu mzima mkali kupindukia. Nyuzi alizipiga kwa kushuka tu: mkono unateremka, unateremka, hauruhusiwi kupanda ukapata nafuu, na kiganja kimelala juu ya nyuzi ili kila pigo litoke fupi na zito. Anayepiga kwa kupanda na kushuka, alisema, anadanganya. Wa tatu wao alikuwa dada mmoja mwalimu wa hesabu, mpiga besi, mtu wa maneno machache, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyolitia nyama gitaa la Waya. Hawa wawili hawakuwa watu wa kuonea huruma goti.

Walikuwa wanarekodi albamu yao ya kwanza, nyimbo nane. Studio ina utaratibu wake: ngoma hurekodiwa kwanza, peke yake, mpiga ngoma anafuata saa ya mapigo inayogonga masikioni. Kisha besi hujengwa juu ya ngoma, gitaa juu ya besi, sauti juu ya yote. Nyundo aliuelewa utaratibu huo kuliko wenzake, maana na vigae ni hivyo hivyo. Safu ya kwanza ikikaa upande, huwezi kuinyoosha ukiwa umefika ukutani.

Nyimbo tano zilipita salama. Wa sita ulikuwa na sehemu ya katikati ambapo gitaa linakaa kwenye noti moja na miguu inakimbia bila kusimama. Nyundo aliupiga, mguu ukafa njiani. Akaupiga tena, ukafa mapema zaidi. Fanya, rudia, fanya, rudia, mpaka jasho likaloanisha kiti na mdogo wake, nyuma ya kidirisha cha kioo, akaanza kutazama dari. Mwisho Waya akasema yeye na mwalimu wanakwenda kula, wakirudi wataona la kufanya.

Akabaki yeye na mrekodi. Huyu walimwita Daktari wa Nyimbo, maana hakuna kidonda cha wimbo alichoshindwa kukishona. Daktari alisogeza sogeza michoro kwenye kioo cha kompyuta, kisha akabonyeza kitufe, sauti yake ikaingia kwenye hedifoni.

"Nina kipande kimoja kizuri cha miguu yako. Kifupi, lakini kizuri. Nikikinakili nikakipanga mwanzo mpaka mwisho, nani atajua?"

Nyundo alitazama godoro lililokuwa mbele ya pua yake. Alijua jibu la mtu muungwana. Pia alijua kwamba akilitoa, hii itakuwa siku yake ya mwisho ndani ya bendi.

"Panga," alisema.

Waya aliporudi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa stoo, akamkumbatia kaka yake pale pale juu ya ngoma, toazi moja likaanguka. Miguu ilikuwa inakwenda kama mashine! Hapo ndipo Nyundo alipongoja mambo yaishe, na hapo ndipo yalipoanza. Maana Waya, kwa furaha, alisema kama kaka ana miguu ya namna hiyo, basi nyimbo nyingine zilikuwa zinalala. Mbili zilizobaki ziende kwa mwendo huo huo, na tatu za mwanzo zirudiwe. Daktari akamtazama Nyundo, Nyundo akatazama sakafu. Dawa ikawa ile ile. Juu ya dawa hiyo mwalimu akaweka besi yake, Waya akaweka magitaa mawili, moja kulia na moja kushoto, mkono wake unateremka mpaka ukavimba, akikimbizana na miguu ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

Ilikuwa albamu nzuri, lazima isemwe. Kavu, ya karibu, kila chombo kinasikika kana kwamba kiko chumbani kwako, na kimya kati ya pigo na pigo kimekatwa kwa wembe. Mikono ya Nyundo ilikuwamo, halali yake yote: ile ngoma ndogo inayopasuka, yale matoazi anayoyapiga na kuyashika yanyamaze papo hapo. Lakini hakuna aliyetaja mikono. Watu walisikia nyimbo mbili zilizotangulia kutolewa, wakawa wanaulizana ni nani mwenye miguu hiyo.

Nyundo alijaribu kusema. Alipiga moyo konde, akamwita Waya kwenye nyumba alikokuwa anaweka vigae vya bafu, kwa sababu kwake nyumbani mkewe angesikia. Waya alifika, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kabla kaka hajafungua kinywa, akaanza yeye.

"Kuna jambo linaninyima usingizi. Kabla ya wimbo wa sita nilishazungumza na mpiga ngoma mwingine. Nilitaka kukutoa, kaka. Siku ile tulipokwenda kula, nilikwenda kumwita." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Nimeona haya. Nisamehe."

Nyundo alikuwa amepiga magoti, mwiko mkononi, saruji inaanza kukauka. Angeyatoaje sasa maneno aliyomwitia? Angemwambia mtu anayelia kwamba alikuwa sahihi?

"Yameisha," alisema, akabandika kigae.

Ukumbi wa uzinduzi ulikwisha kulipiwa na siku ilikuwa inakuja. Nyundo alifanya mazoezi nyumbani juu ya mito ya makochi mpaka goti likavimba, na mwendo ule haukuja. Kwenye mazoezi ya bendi alipiga nusu nusu, akidai anaitunza miguu, na wenzake wakamwamini, kwa kuwa nyota huaminiwa. Kwa mara nyingine Daktari akaja na dawa. Kimashine kidogo chini ya kiti kingetoa sauti ya miguu kutoka kwenye albamu yenyewe, na maikrofoni ya ngoma ya chini ingezimwa. Mikono ingekuwa yake. Miguu ingetikisika tu kwa ajili ya macho ya watu. Nyundo alikubali kwa kichwa.

Alasiri ya uzinduzi ukumbi ulijaa mpaka pembeni mwa jukwaa, watu wamesimama karibu kiasi cha kuweza kumshika Nyundo. Wimbo wa sita ulipoanza walipiga kelele kabla hata ya gitaa. Ikafika sehemu ya katikati. Miguu ilianza kukimbia kwenye spika, mizito, imenyooka, haina kosa, na Nyundo aliyekuwa anakanyaga pedali zisizosikika alihisi kwamba asipotoka leo ndani ya uongo huo hatatoka tena maishani. Mdomo ulishamshinda. Akainua miguu yote miwili, akaiweka sakafuni.

Ngoma zikaendelea.

Waya, kama kawaida yake akifika hapo, aligeuka kumpa kaka yake tabasamu. Akaona viatu viwili vimetulia kando ya pedali. Akasikiliza. Akaona viatu tena. Mkono wake ulikuwa unateremka, unateremka, haukukosea hata pigo moja, lakini uso ulimwishia damu. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pembeni mwa ngoma, upande waliosongamana watu, akapanua miguu na kuisimamisha hapo ili wasione. Alipeleka kinywa mbali na maikrofoni za ngoma.

"Rudisha miguu, kaka," alisema. "Wanatazama."

Nyundo akairudisha kwenye pedali, akaendelea kupiga asichosikia mtu, mpaka wimbo ulipokwisha na ukumbi ukaanza kuomba urudiwe.