Kibuyu cha Wamaza

...na asithubutu mtu kuniambia niepue, hata Sheikh mwenyewe aje na kilemba chake, sufuria hii haitoki motoni mpaka nione maji yanaruka, si kutoa mvuke, mvuke hata mtu akipumua asubuhi ya baridi anautoa, nataka yaruke yagonge kifuniko, ndivyo Célestin, mganga wa dispensari, alivyotufundisha sisi wanawake wa Kasongo, tumekaa chini mbele yake, na wenzangu wote wakaitika ndiyo munganga, ndiyo munganga, wakarudi nyumbani wakaendelea na yao, nikabaki mimi mwenye kichwa kigumu, basi na kiwe kigumu... moshi huu nao, kuni za nani hizi, mbichi kabisa, nimeomba kuni kavu wakaniletea zinazotoa maji, nadhani kwa makusudi, wanadhani nitachoka nitoke jikoni nikifuta macho, hawanijui. Kule uani matari yamenyamaza, kisimamo kimekwisha, Mtume ameshasaliwa, marashi yameshanyunyizwa, sasa wamekaa kwenye mikeka wanaukodolea macho mlango wa jiko langu, koo zimewakauka kwa kuimba na kwa vumbi la njia ya Kabambare, nawasikia wanakohoa, wakohoe, kukohoa kwa kiu hakujamtoa mtu damu.

Huyo Alimasi anakuja tena, mpwa wa Sheikh, ndiye anayesimamia wageni, kanzu ameishika juu isiguse majivu, kata ya kunywea iko mkononi tayari kama vile mimi nimemwita, "Mama, watu wanachoka. Sheikh anasema ulete maji vile iko." Nasukuma ukuni... vile yalivyo, Alimasi, mwaka jana tuliyanywa vile yalivyo, mtungi ulisimama katikati ya uani, kila kijiji kikaja na kibuyu cha maji ya kwao, Kabambare wakamimina, Lusangi wakamimina, Wamaza, sisi wa hapa, yote ndani ya mtungi mmoja, kama ilivyo desturi kila Maulidi tangu sijazaliwa, na bibi yangu alikuwa akinieleza kwa nini, kwamba wazee wetu waliletwa hapa na misafara, huyu katoka huku na yule kule, wengine kwa kamba shingoni, hakuna aliyekuwa na ndugu, basi wakachanganya maji ya mito yao wakayanywa kwa kata moja, kuanzia hapo wakaitana ndugu na hakuna aliyewauliza tena kabila. Nami niliyanywa, yalikuwa matamu, ya baridi, nilirudia... hata siku hazijapita nyingi watu wanakimbilia migombani wameshika matumbo, kuhara damu, nyumba hii na ile, na mdogo wangu Fatuma, aliyeolewa Wamaza, aliyekuja kwa miguu na mumewe ili aje kuimba na sisi, Fatuma akalala kwenye mkeka wangu na hakuinuka, nilipomwosha alikuwa mwepesi mpaka nikaona aibu, sijui aibu ya nini, kama vile nimemnyima chakula. Niliyempa ile kata ni mimi. Kila mmoja humpa wa pembeni yake, ndivyo inavyofanywa, nikampa, akacheka akasema maji ya huku mazito.

"Mama, unanisikia?" Nakusikia Alimasi, namwambia bado, neno moja tu, anasimama pale... wanasema maji yaliyopikwa yamekufa, baraka imetoka na mvuke, yatanuka moshi, mwanamke amechota maji ya Maulidi ndani ya mtungi akayatia kwenye sufuria ya wali, Mungu atusamehe, nimeyasikia yote hayo, na baraka gani hiyo inayoogopa moto, wali wao si umepikwa, mbuzi si amepikwa, si watasema bismillahi wale mpaka walambe vidole. Na yule Bwana Mkubwa, Mzungu wa serikali na kofia yake ngumu, alimwita Sheikh akamsimamisha juani, akamwambia akiugua mtu mmoja baada ya Maulidi hii basi hakuna Maulidi nyingine Kasongo, na watu wa Wamaza wasionekane kabisa maana uchafu ulitoka kwao, wanaroweka muhogo na kufulia karibu na chemchemi, Sheikh akaitika, angefanyaje... mbona Krismasi misheni kunajaa mpaka nje, wanakunywa, wanakula, wanalala chini ya miti, na hakuna anayewafungia mlango, sisi tukikohoa tu tumekwisha. Haifungwi. Nasema haifungwi, hataugua mtu, hatapata sababu, nitakaa hapa macho yaive kwa moshi, Maulidi ya bibi yangu haiwezi kufungwa na mtu anayetafuta sababu, na ugonjwa ule hautapita tena kwenye mikono yangu, haya mawili nayataka yote kwa pamoja na sitaki kuambiwa nichague.

Yameanza kuimba, nasikia chini ya kifuniko, sauti ile ndogo... nani huyo mlango wa nyuma, upande wa migomba, nani anaingia bila hodi, amejaa vumbi mpaka magotini, shati limepasuliwa na miiba... Zuberi. Mume wa Fatuma. Tangu matanga sijamwona na sikutaka kumwona, amekonda, amefikaje, askari wako njiani wanawarudisha watu wa Wamaza, amepita porini basi, na kifuani amekumbatia kibuyu, kimezibwa kwa majani. "Shemeji, nimechelewa," anasema. "Hii maji iko ya kwetu."

Nakasirika, kimwage majivuni, nataka kumwambia, ule uchafu wenu mmeuleta tena, mdogo wangu hakuwatosha... na Alimasi ananitazama, ametabasamu kidogo, anajua nitamfukuza, wote watanisifu nikimfukuza, hata Sheikh ataona nina akili, hata Bwana Mkubwa, hasa Bwana Mkubwa. Na Zuberi haombi msamaha, hashushi macho, ananyoosha tu kile kibuyu. "Iko ya pale Fatuma alikuwa anachota," anasema.

Usiniambie hivyo, Zuberi... pale alipoinama kila asubuhi, maji aliyowapikia, aliyoogea harusini, yale aliyoyazoea mpaka ya kwetu akayaona mazito, na huyu naye aliyanywa yale ya mtungi mwaka jana, naye aliugua, alitambaa mpaka kaburini, nilimwona nikageuza uso. Nimekaa hapa tangu asubuhi nasema nazuia ugonjwa, na kumbe kila nilipochochea moto huu nilikuwa nawachoma Wamaza moyoni mwangu... moto hauulizi maji yametoka wapi, ndiyo maana nimeuwasha, ikiwa naanza kuchagua maji ya nani yaingie na ya nani yabaki nje, basi kuni hizi za nini, namfanyia kazi Bwana Mkubwa tu, bila mshahara na bila kofia.

Na sasa ndiyo yanaruka, kifuniko kinagonga, maji yanamwagikia makaa, yameiva, Alimasi anasogea na kata yake, "Eh, Mama, iko tayari," anasema, anapumua kama mtu aliyetua mzigo, na kweli yako tayari, ningeepua sasa hivi kila mtu angefurahi. Nashika kifuniko kwa upindo wa kanga, nakiweka kando, naona maji yanachemka vizuri kama Célestin alivyosema. "Mimina, shemeji," namwambia Zuberi. Anamimina, chote, mpaka kibuyu kinabaki kinadondosha, na maji yanatulia, hakuna hata povu moja, Alimasi mdomo wazi, kata imening'inia, namwambia akamwambie Sheikh tunaanza kuchemsha upya, hasogei, namwambia tena... Zuberi amechuchumaa upande wa pili wa moto anapuliza kuni mbichi, macho yanamtoka machozi, yangu pia, ni moshi na si moshi, na uani wanauliza kama tumeanza kugawa, nasema bado, wanauliza tena, bado.