Rangi ya Zambarau Kwenye Nati

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, mashine ya oksijeni ya mama ilinyamaza alfajiri, na kwa mara ya tatu lawama zilimfikia Volti, binti yake, kabla hajanawa uso. Aliyepiga simu ni shangazi, na shangazi si mtu wa kumung'unya maneno.

"Mwanangu, nakuuliza mara moja tu. Hizo betri ulizomfungia mama yako, ulizinunua dukani au uliziokota?"

Volti alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi ya umeme wa jua. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu akiingia nyumbani kwa mtu huuliza volti kabla ya kuuliza hali. Alikuwa amefunga sola kwenye zahanati, kwenye mashine za kusaga, na kwenye nyumba za watu wajuaji ambao hukaa chini ya ngazi wakimwelekeza fundi pa kukanyaga. Kote huko hakuna aliyewahi kumtamkia neno kuokota. Leo limetoka kwa dada wa marehemu baba yake, tena kuhusu nyumba alimozaliwa.

"Nakuja sasa hivi, shangazi."

"Njoo. Na mimi nitafika saa kumi jioni na fundi mwingine. Ukiwa hujapata tatizo, huyo atang'oa kila kitu chako, na usiguse tena chochote cha mama yako. Pumzi ya mtu si mahali pa kufanyia majaribio."

Saa tatu asubuhi Volti alikuwa keshafika. Alimkuta mama kwenye kiti chake dirishani, mrija puani, akivuta hewa ya mtungi wa akiba. Kwenye meza ndogo palikuwa na kikombe cha chai nusu. Nusu, kwa sababu mikono ya mama ilianza kutetemeka miaka miwili iliyopita na kikombe kilichojaa humwagikia mapajani. Ukutani palikuwa na kalenda. Kila akimeza dawa, mama huchukua kalamu na kuchora mstari mmoja kwenye tarehe ya siku hiyo, na kila mstari hupinda mara tatu kabla ya kufika chini. Hakubali mtu mwingine amchoree.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako keshakuwasha?"

"Kaniwasha, tena bila swichi."

Mama alicheka kidogo, kisha akakohoa, na Volti akajuta kumchekesha.

Mdogo wake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa kitindamimba, na ingawa ametimiza miaka thelathini na miwili, nyumba nzima bado inamwita Kitinda. Ndiye anayeishi na mama. Ufundi alifundishwa na Volti, kuanzia kumenya waya bila kuukata hadi kupanda paa bila kuvunja bati, na siku hizi anajitafutia kazi zake mwenyewe. Alimpokea dada yake begi la vifaa, akambebea ngazi, akawa mwepesi kama mtu anayetaka kusifiwa.

Volti alianza juu. Paneli zilikuwa safi, waya mzima, na umeme ulishuka kutoka paani kama inavyotakiwa. Akaja kwenye inveta, kigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba. Ilikuwa imeandika kosa lilelile mara tatu, kwamba betri zimeisha nguvu. Saa tano kasoro, kontrola, msimamizi wa chaji, ikaonyesha betri zimejaa. Hapo alikunja uso. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, na betri zile nne, zikiwa zimekauka tangu alfajiri, zilipaswa kunywa hadi saa nane.

"Dada, mimi naona ni inveta," alisema Kitinda. "Tubadilishe inveta tu."

"Nani kakufundisha kubadilisha kitu ambacho hujakipima?"

"Si wewe," alisema Kitinda, akacheka peke yake.

Volti alichomeka birika la umeme na pasi kwa pamoja, bila kuviwasha, akachuchumaa kwenye sanduku la chuma lililokaa barazani, chini ya dirisha la mama. Sanduku halikuwa na kufuli. Ya nini kufuli nyumbani kwa mama? Akafungua kifuniko, akaweka ncha za mita kwenye betri ya kwanza. Ikiwa imetulia ilisoma kumi na mbili na ushee, uzuri wa kutosha kumdanganya mtu. Kitinda alipoviwasha, ikaporomoka hadi kumi kabla birika halijaanza kuimba. Ya pili vilevile. Ya tatu na ya nne zilikuwa mbaya zaidi. Betri zenye umri wa mwaka mmoja zilikuwa zimechoka kama za miaka saba.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kazi ya Volti ambalo mafundi wenzake hulicheka. Akimaliza kukaza nati, huchukua rangi ya kucha na kuvuta mstari mmoja kutoka juu ya nati hadi kwenye shina la betri, mkupuo mmoja, bila kuinua brashi. Mtu akija kuilegeza nati ile hata kidogo, mstari unakatika, na Volti anajua kuna mkono mwingine umepita. Kwa wateja wake wote anatumia nyekundu. Siku alipofunga sola ya mama, nyekundu ilimwishia kabla hajagusa nati ya kwanza. Mama akafungua droo yake ya kabati, akampa kichupa cha zambarau. "Tumia hii," alisema. "Mimi sina tena safari ya kwenda na kucha za rangi." Walipomaliza, mama alichungulia sandukuni akasema betri zimependeza kuliko bibi harusi. Kichupa kikarudi kwenye droo.

Kwa hiyo Volti aliinama kutazama nati zake nane. Zote zilikuwa na mstari wa zambarau, hakuna uliokatika.

Mtu mwingine angeendelea kupima. Angetafuta namba za betri, angefungua simu yake kutazama picha alizopiga siku ya kufunga. Volti hakufanya hivyo, kwa sababu alama yake ilikuwa nzima, na alama yake ndiyo aliyoiamini kuliko kitu chochote duniani. Kama hakuna aliyegusa, basi betri zilikuwa mbovu tangu dukani, na yeye ndiye aliyezichagua, akazibeba, akamfungia mama yake. Shangazi alikuwa na haki. Volti alikaa chini kwenye saruji, spana mkononi, aibu ikampanda hadi masikioni.

"Usijitese, dada," alisema Kitinda akiwa amemwekea mkono begani. "Hata mafundi wakubwa wanapigwa changa la macho."

Volti aliingia ndani kwa mama akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nimekuangusha. Betri nilizokuletea ni mbovu. Sikuzipima vizuri siku ile, nimekaa nikiamini kazi yangu wakati wewe unakosa pumzi. Nisamehe."

Mama alimwekea ule mkono wake unaotetemeka kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Yameisha."

Volti alilia. Alikuwa hajalia mbele ya mama tangu msiba wa baba, na machozi yalimpa nafuu. Aliinua uso kujifuta kwa kiganja, na macho yake yakatua ukutani, kwenye kalenda. Mistari ya dawa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umepinda mara tatu kabla ya kufika chini.

Alisimama. Akatoka barazani, akafungua tena sanduku, akawasha tochi ya simu ingawa palikuwa na mwanga. Safari hii hakutazama kama mistari imekatika. Alitazama ilivyochorwa. Yake huwa inashuka moja kwa moja. Hii ilikuwa inayumba, kila mmoja, mara tatu. Kwenye nati ya nne rangi ilikuwa imedondokea pembeni na kufutwa kwa kitambaa.

Akafungua zile picha. Namba alizopiga picha mwaka jana hazikuwa kwenye betri hizi. Kwenye betri hizi, pale penye namba palikuwa pamesuguliwa kwa msasa.

"Kitinda."

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. Ule wepesi wa asubuhi ulikuwa umemtoka wote.

"Betri zangu ziko wapi?"

"Dada, ngoja nikuelezee."

"Sijakuomba maelezo. Ziko wapi?"

Ziko kwa mteja, alisema, safari ya siku nzima kwenda tu. Aliwafungia watu betri zilizochoka akidhani hawatajua. Wakajua, wakatishia kumpeleka polisi. Akachomoa za mama akawapelekea, akaleta zile zilizokataliwa, akazifunga hapa. Alikuwa na nia ya kuzirudisha zikipatikana nyingine. Ni miezi miwili sasa.

"Na rangi?"

Sauti ikatoka dirishani, juu ya vichwa vyao, ikisukumwa pumzi moja moja.

"Rangi nilipaka mimi."

Volti alirudi chumbani. Mama hakuyakwepa macho yake, na hilo lilimuuma zaidi.

"Wangemfunga, mwanangu. Yeye hawezi jela, unamjua alivyo. Akaniambia, dada akiona alama imekatika atajua siku hiyohiyo. Nikasema leta kichupa."

"Mama, hiyo mashine ni yako. Ni wewe unayekosa hewa."

"Mtungi si upo. Na nilijua umeme ukizima utakuja. Wewe siku zote unakuja."

"Shangazi ameniita mwokota betri. Umesikia. Mwezi mzima unasikia."

"Wewe una jina, mwanangu, ukisemwa unapona. Mwenzio hana kitu."

"Na nimepiga magoti hapa sasa hivi," alisema Volti. "Ukanisamehe."

Mama alifumba macho. Mrija ulipuliza hewa taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani, Volti alimwona mama yake kama mtu mzima mwingine tu, anayeweza kukutazama usoni na kukuuza. Alitaka kupiga kelele. Lakini mshale wa kipimo cha mtungi ulikuwa umeshuka chini ya robo, na kifua cha mama kikipandishwa na maneno kinafunga. Kila mtu katika nyumba ile analijua hilo, mama mwenyewe kuliko wote.

"Shangazi akija," mama alisema bila kufumbua macho, "nitamwambia mwenyewe. Nakuahidi. Wewe nitengenezee tu."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomnyanyua. Volti alikodi gari dogo la mizigo, akaenda nyumbani kwake, akang'oa betri nne zilizokuwa zikiwasha taa na friji yake, akarudi nazo. Kitinda alitaka kusaidia kushusha. Akamwambia akae mbali na sanduku, naye akakaa mbali, kwenye ngazi, kama mtoto aliyenyimwa chakula. Volti alibeba mwenyewe, moja moja, mgongo ukilia. Kila nati aliyokaza alijiambia kwamba saa kumi mama atasema, na yakishasemwa ataweza kukasirika, kisha kusamehe, na kuja tena Jumapili kama kawaida. Saa kumi kasoro robo aliwasha. Ndani, mashine ya oksijeni ilikohoa mara moja, ikaanza kunguruma.

Ilikuwa imebaki nati ya mwisho kuongezewa mkazo alipowasikia shangazi na fundi wake wakiingia kwa mlango wa mbele. Salamu zikapita. Kiti kikavutwa. Dirisha lilikuwa wazi, na hakuna neno lililopotea.

"Haya wifi, nasikia mashine inafanya kazi. Tatizo lilikuwa nini?"

Volti alishika spana bila kuizungusha. Kwenye ngazi, Kitinda alizika uso viganjani.

Mama alivuta pumzi moja ndefu, ya mashine, ya betri za Volti.

"Betri zake zilikuwa mbovu tangu mwanzo," alisema. "Lakini kaleta nyingine. Usimseme sana, wifi. Mimi nimeshamsamehe."

"Nilijua," alisema shangazi. "Siku ya kwanza kabisa nilijua."

Volti angeweza kuingia. Picha zilikuwa kwenye simu, betri zilizosuguliwa msasa zilikuwa zimepangwa barazani, na mwizi alikuwa hatua nne kutoka alipochuchumaa. Angesema mambo matatu tu na shangazi angekuwa upande wake milele. Lakini nani angesimama katikati ya chumba kile na kumwita mama yake mwongo, huku mrija uko puani? Mama alilipigia hesabu hilo pia. Volti alihisi kitu kikikatika ndani yake, mahali ambapo alikuwa na hakika hakuna mkono ungefika.

Alikaza nati ya mwisho hadi ikagoma.

Fundi wa shangazi alitoka hadi barazani, mtu wa heshima, akachungulia sandukuni, akasema kazi ni safi, hana la kuongeza. Akarudi ndani kunywa chai. Volti alikuwa akikusanya spana zake mkono ulipotokeza dirishani juu ya kichwa chake, ukitetemeka, umeshika kichupa cha zambarau.

"Mwanangu, umesahau rangi," alisema mama kwa sauti ya chini, ile ya kumbembelezea mtoto.

Volti alikitazama kichupa. Hakukipokea.

"Haina kazi tena, mama," alisema, akafunga kifuniko cha sanduku.