Matairi ya Kotekote

Kwetu kazi ya kupeleka dawa haiendi kwa aliyetangulia kuzaliwa. Inapimwa kwa mayai. Baba alipimwa hivyo na aliyemfundisha kazi: trei zima ndani ya sanduku la nyuma, bila kitambaa cha kulikinga, kutoka uani hadi zahanati ya juu kilimani. Chupa ya dawa na yai, husema baba, ni mtu na ndugu yake. Basi kiuno chake kilipokataa kabisa kupanda pikipiki, alituita sebuleni, mimi na kaka yangu, akaweka ufunguo mezani.

"Pikipiki ni moja," alisema. "Kila mtu na siku yake, na matairi anayoyataka mwenyewe. Atakayefikisha mayai mengi salama, kazi ni yake na pikipiki ni yake. Atakayeshindwa asininunie."

Mimi kazi ile niliitaka tangu naosha matope ya pikipiki hiyo hiyo nikiwa na sare za shule. Kaka aliitaka tangu juzi, alipogombana na bosi wake ghalani. Lakini mwanamume mwenye miguu mirefu hupewa ushindi kabla mbio hazijaanza. Hata mama alinishika bega akaniambia pole. Pole ya nini? Nimefiwa?

Kwa fundi wa matairi tulikwenda pamoja. Kaka hakuuliza bei wala hali, alikwenda moja kwa moja kwenye matairi ya matope: meno marefu yaliyoachana, yanayouma ardhi na kutema tope nyuma. "Haya ndiyo matairi," akayapiga teke. Mimi nikachagua yale fundi anayoyaita ya kotekote, meno mafupi yaliyokaa karibu karibu, ya lami na ya vumbi pia.

Fundi akakuna kidevu. "Dada, haya kwenye lami utadhani umelala kitandani. Ila kile kilima cha mwisho kikilowa, yatajaa tope mpaka yawe kipara."

"Mdogo wangu anakwenda shamba na viatu vya harusi," kaka akacheka.

"Na wewe unakwenda harusini na gambuti. Kilima ni kipande tu, kaka. Safari yenyewe ni lami."

Kaka alitangulia. Siku yake kilima kilikuwa kibichi kidogo tu, akakipanda bila kuweka mguu chini, wapita njia wakampigia makofi. Daktari wa zahanati alipofungua sanduku, alilifunga tena haraka. Nusu ya trei ilikuwa uji. Yale meno marefu yaliitetemesha pikipiki lami nzima, drrrrr, kama mashine ya kusaga. Kaka alirudi akidai mayai yalikuwa na maganda mepesi.

"Angalau mimi nilifika," akaniambia. "Wewe hutafika."

Siku yangu ikaamkia mvua. Mvua gani ile! Baba aliniuliza kama niahirishe.

"Kwani wagonjwa huahirisha?" nikamuuliza. Akanisukumia ufunguo.

Kwenye lami nilikwenda raha mustarehe, mayai kimya nyuma yangu, nami naimba ndani ya helmeti. Kwenye changarawe nikapunguza mwendo. Chini ya kilima nikakuta lori la matofali limekwama, na kaka ameshuka humo, suruali ameikunja magotini. Alikuwa ameomba lifti aje kunitazama nikiaibika. Nikajifanya simwoni. Nikapunguza upepo matairi yote mawili, kama baba alivyokuwa akifanya akifika pale, nikaanza kupanda.

Nilifika katikati. Tairi la nyuma likaanza kuzunguka bure, pikipiki ikataka kulala, nikaizuia kwa paja. Jamani, niliumia! Meno hayaonekani, tope tupu. Fundi alisema kweli.

"Tulia hapo hapo, nakuja kukusukuma!" kaka akapiga kelele.

"Usiniguse!"

Machozi yalinitoka kwa hasira. Akinisukuma leo, kesho hadithi itakuwa yake. Nikazima injini, nikaiegemeza pikipiki kwenye ukingo wa njia, nikaokota kijiti na kuanza kuchokonoa tope kati ya jino na jino. Nikiwa nimeinama hivyo ndipo nikaona upumbavu wangu. Nilikuwa nafuata mfereji uliochimbwa na matairi ya kaka, na sasa umejaa maji. Nani alinituma? Pembeni palikuwa na majani mafupi, na chini ya majani kuna mizizi, na mizizi haisombwi ovyo.

Nikaikokota pikipiki hadi majanini. Nikawasha, nikasimama juu ya vikanyagio, gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo. "Twende, mama, twende," nikaibembeleza. Matairi yakauma. Yakateleza, yakauma tena. Nilipotokeza juu nilipiga honi mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani.

Daktari alifungua sanduku, akainua yai moja moja, akiligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kaka akaingia anahema, matope hadi kiunoni. Daktari akachukua simu, akampigia baba.

"Mzee, hata ufa hakuna."

Kisha nikasikia sauti ya baba, wala hakuwa akisema nasi: "Mama watoto! Pikipiki imepata mwenyewe!" Na mama, yule yule wa pole, akapiga kigelegele mpaka daktari akaiweka simu mbali na sikio. Nililia na kucheka kwa pamoja, mbele ya watu, na sikujali.

Kaka alikaa kwenye benchi la wagonjwa akitazama viatu vyake. "Lori limekwama," akasema mwishowe. "Nitarudije?"

Nikampa trei. "Panda nyuma, utayapakata. Likivunjika moja, unashuka."

Akapanda. Akayakumbatia mayai kwa mikono yote miwili, yeye na miguu yake mirefu. Tulipofika chini nikajaza upepo kwa pampu ya mkono, tukashika lami.

"Haitetemeki," akasema polepole karibu na sikio langu.

"Nilikwambia, kaka."

Tulifika nyumbani na trei zima.