Pini ya Kibwagizo

Gauni lilikuwa la Tausi, lakini aliyelivaa tangu asubuhi nilikuwa mimi. Tausi ndiye mwimbaji aliyeteuliwa kuiwakilisha nchi yetu katika mashindano ya kimataifa ya nyimbo, na hakuwa na subira ya kusimama mbele ya fundi cherehani. Fundi mwenyewe ni shangazi yangu. Alipokumbuka kwamba kiuno changu na cha Tausi ni mapacha, akabeba kikopo chake cha pini hadi studio, ninakofanya kazi ya kutunza na kutuma rekodi.

"Simama wima," akaniambia. "Unajikunja kama jongoo."

Fundi mitambo alikuwa anatazama saa. Wimbo ulitakiwa utumwe kabla ya saa sita mchana, na Tausi hajafika. Kwa kawaida studio hurekodi kwanza sauti ya mfano. Yeyote aliye karibu huimba, ili mwimbaji aje kuifuata.

"Wewe wimbo unaujua," fundi mitambo akaniambia. "Imba."

"Mimi? Sauti yangu haivuki hata mlango."

"Nani kakwambia ivuke mlango? Maikrofoni hii hapa, puani."

Nikaimba huku nikitazama vidole vya miguu. Shangazi akaendelea kubana kiuno. Nilipofika mwisho wa kibwagizo, pini ikanipata ubavuni. Noti ambayo mtunzi aliitaka iwe ya chini na ya upole ikapaa hadi darini.

"Pole, mwanangu," akasema shangazi. "Lakini hapo ndipo umeimba."

Tausi aliingia saa sita kasorobo, akaimba mara moja, akaondoka. Nami, kwa kuwa pini hazikuniruhusu kukaa wala kuinama, nikanyoosha mkono kwenye kompyuta kwa mbali, kama anayegusa sufuria ya moto, nikatuma faili.

Nilituma ile ya mfano.

Siku tatu baadaye mkurugenzi wa studio alituita ofisini, mimi na Tausi. Waandaaji walikuwa wameandika kwamba wimbo umewafurahisha, hasa ile noti inayopaa. Wakakumbusha kanuni yao: sauti iliyotumwa ndiyo itakayopanda jukwaani, la sivyo nchi inaondolewa.

"Sauti hii ni ya nani?" akauliza mkurugenzi.

Nikalitazama zulia. Mtu mwenye haya huyajua mazulia ya ofisi zote.

"Yangu," nikasema.

Tausi akacheka hadi akashika meza. "Huyu? Huyu ukimsalimia leo, anaitikia kesho."

"Imba," akasema mkurugenzi.

Nikaimba. Noti ikagoma. Nilijaribu mara kumi na moja, nayo ikaishia kooni kila mara. Mkurugenzi akavuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kujitoa. Kwa kosa la mkono wangu, nchi nzima ingebaki nyumbani.

Shangazi alikuwa mlangoni, gauni begani. "Mnamtesa mtoto bure," akasema. "Cherehani haishoni bila sindano." Kisha akaeleza ile noti ilivyopatikana.

Uso wa Tausi ukang'aa ghafla. "Basi mimi nitakuwa mwitikiaji," akasema. "Nitasimama nyuma yake. Kwa ajili ya nchi."

"Kwa ajili ya nchi," akarudia shangazi, akimkabidhi pini. "Ncha tu, mama. Huyo si mto wa kuchomekea pini."

Usiku wa mashindano, taa zilikuwa kali kiasi kwamba sikuviona hata vidole vyangu. Kibwagizo cha kwanza: pini, noti, makofi. Cha pili vilevile. Kufikia cha tatu nilikuwa nimesahau kutafuta pa kutazama. Nikaiona noti inakuja, nikaifuata mwenyewe kabla Tausi hajanyoosha mkono. Ikatoka imenyooka kama uzi, nami nikaisikia yote, yangu.

Tausi akachoma hivyo hivyo.

Tulishika nafasi ya saba. Watu bado huniuliza ile noti ya mwisho, iliyopanda juu ya noti yangu mwenyewe, niliitoa wapi. Huwa nawajibu kwa sauti ndogo: nyuma kidogo, chini ya mbavu.